Daftari la Wenye Ukoma wa Bergen

Mwaka wa yubilei ni mwaka wa kufungua makasha. Vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya mazishi, vilivyolala kabatini miaka mingi, hutolewa nje na kupanguswa vumbi, na watu huja kuuliza: Je, babu yetu yumo? Aliandikwa kwa jina gani? Nasi twastaajabu kila mara kuona jinsi mstari mmoja wa wino, ulioandikwa na mtu asiyejua utasomwa na nani, uwezavyo kujibu swali la mtu aliyezaliwa miaka themanini baadaye. Ndipo tulipokumbuka habari za daftari jingine, lililoandikwa mbali na kwetu, katika nchi ya Norwei. Hilo lilikuwa daftari la wagonjwa. Twaona yafaa kulieleza hapa, kwa kuwa desturi iliyoanza nalo imefika mpaka katika zahanati zetu, na wengi wetu tumo katika madaftari ya namna hiyo pasipo kujua.

Katika karne ya 19 ukoma ulikuwa umekwisha kutoweka karibu pote katika Ulaya ya magharibi, lakini Norwei ulikuwa ukizidi. Walioshikwa zaidi walikuwa watu wa pwani ya magharibi, wavuvi na wakulima wadogo, waliokaa kando ya ghuba nyembamba ziingiazo kati ya milima. Nyumba zao zilikuwa ndogo na zenye unyevu, na watu wengi walilala chumba kimoja, mara nyingi kitanda kimoja. Maskini asiye na jamaa wa kumtunza, hata akiwa na ukoma, alitembezwa shamba kwa shamba. Kila mwenye shamba alimlisha siku zake kwa zamu, kisha akampeleka kwa jirani. Desturi hiyo ilitoka katika huruma, wala hatuidharau. Ila ugonjwa nao ulitembezwa pamoja na mgonjwa.

Mjini Bergen palikuwa na nyumba ya wenye ukoma iitwayo St. Jørgen, iliyokuwako tangu karne ya 15. Mwaka wa 1816 kasisi wa nyumba hiyo, Johan Ernst Welhaven, aliandika habari za watu waliokuwamo, jinsi walivyosongamana na kuteseka na kusahauliwa. Maneno yake yaliwachoma watu. Serikali nayo ikaanza kuuliza: wenye ukoma ni wangapi katika nchi yote? Wakahesabiwa mwaka wa 1836, wakahesabiwa tena mwaka wa 1845, na tena baadaye, na kila mara idadi ilitokea kubwa kuliko ile ya kwanza.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Kuhesabu wagonjwa siku moja ni kama kuhesabu ndege juu ya mti: wapata idadi, lakini hujui ni yupi aliyekuwapo jana na ni yupi mgeni. Wagonjwa wakiwa mia mwaka huu na mia mwaka ujao, mtu aweza kudhani hakuna kilichobadilika. Kumbe huenda arobaini wamekufa na wengine arobaini wapya wameshikwa. Idadi ni ile ile, na msiba ni mkubwa. Aliyeliona jambo hilo wazi ni daktari Ove Guldberg Høegh, ambaye mwaka wa 1854 aliwekwa na serikali kuwa mganga mkuu wa mambo ya ukoma. Yeye alitaka majina, wala hakuridhika na idadi peke yake.

Basi kwa amri ya mfalme ya tarehe 30 Julai 1856, kila daktari wa wilaya aliagizwa kuandika jina la kila mwenye ukoma katika wilaya yake, na kuifuata habari yake mwaka kwa mwaka. Katika parokia ziliwekwa halmashauri za afya, na makasisi, kwa kuwa wao ndio walioshika vitabu vya waliozaliwa na waliokufa, walisaidia kazi hiyo. Habari zote zilipelekwa Bergen, zikaandikwa katika daftari moja kuu la nchi nzima. Wataalamu wengi hulitaja kuwa daftari la kwanza duniani la wagonjwa wa ugonjwa mmoja katika taifa zima. Katika nchi yenye watu kama milioni moja na nusu, palionekana wagonjwa karibu 3,000.

Ni nini kilichoandikwa? Jina la mgonjwa, mahali alipozaliwa na mahali alipokaa, umri wake, mwaka ugonjwa ulipoanza kuonekana, ukoma wake ni wa namna gani, wa mavimbe au wa ganzi, tena kama wako jamaa zake walioshikwa. Kisha nafasi iliachwa kwa mambo yatakayokuja: ameingia hospitali, ametoka, amehamia wilaya nyingine, amevuka bahari kwenda Marekani, amekufa. Nafasi hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya daftari. Mtu aliyehama hakufutwa, wala aliyekufa hakufutwa. Tarehe iliandikwa kando ya jina lake, naye akabaki mahali pake kati ya wale waliougua pamoja naye. Wataalamu wa siku hizi wanapokusanya kundi la watu na kuwafuata kwa miaka mingi, ili waone nani ameugua, nani amepona na nani amefariki, hufanya kazi ile ile iliyofanywa na madaktari wa wilaya wa Norwei, waliosafiri kwa mashua katika baridi wakiwa na karatasi zao mfukoni.

Kazi ilikuwa na ugumu ambao sisi twaufahamu vizuri. Watu wa shamba wa Norwei siku zile hawakuwa na majina ya ukoo yasiyobadilika. Mtoto aliitwa jina lake, kisha mwana wa fulani au binti wa fulani, kisha jina la shamba alipokaa. Na akihama shamba, jina la shamba nalo likabadilika. Ole mwana wa Ole walikuwa wengi kama akina Juma bin Juma kwetu. Karani wa Bergen alipopokea barua mbili zenye majina yanayokaribiana, ilimpasa kuamua: huyu ni mtu mmoja aliyehama, au ni wawili? Akikosea upande mmoja, amezidisha wagonjwa. Akikosea upande wa pili, amempoteza mtu. Sheria ya majina ya ukoo ilikuja mwaka wa 1923, na namba ya kila raia mwaka wa 1964. Kwa hiyo, kwa muda wa miaka mingi, daftari lilisimama juu ya uangalifu wa makarani tu, nao hatujui kuwashukuru kwa majina yao.

Sasa twaingia katika ubishi mkubwa wa wakati ule. Mkubwa wa elimu ya ukoma alikuwa daktari Daniel Cornelius Danielssen, mganga wa hospitali ya Lungegården mjini Bergen, iliyofunguliwa mwaka wa 1849. Yeye na mwenzake Carl Wilhelm Boeck walitoa mwaka wa 1847 kitabu kilichosifiwa katika Ulaya yote, na ndani yake walifundisha ya kuwa ukoma ni ugonjwa wa kurithi, wa damu ya ukoo. Danielssen alisadiki hivyo hata akajichanja mwenyewe kwa uchafu wa vidonda vya ukoma, asipate neno. Kwa nini mtu mwenye akili kiasi hicho alikosea? Kwa sababu alikuwa na wagonjwa wa hospitali mbele yake, akawauliza habari za jamaa zao, na kweli wengi walikuwa na jamaa wenye ukoma. Lakini walio wa damu moja ndio walalao kitanda kimoja. Kwa macho peke yake huwezi kutenganisha damu na kitanda.

Aliyevitenganisha ni Gerhard Armauer Hansen, mzaliwa wa Bergen, aliyeanza kazi chini ya Danielssen mwaka wa 1868, na mwaka wa 1873 akamwoa binti yake. Mwaka huo huo wa 1873 aliona katika hadubini vijiti vidogo ndani ya mavimbe ya mgonjwa, akatambua kwamba huenda hivyo ndivyo viletavyo ukoma. Jambo hili lajulikana sana, hata ugonjwa wenyewe huitwa kwa jina lake katika nchi nyingi. Lisilojulikana sana ni kwamba hadubini haikumtosha. Vijiti vile vilikataa kuoteshwa katika chupa, na hata leo havijaoteshwa humo. Basi hakuweza kuthibitisha neno lake kwa njia hiyo. Akageukia daftari.

Hoja yake ilikwenda hivi. Tangu hospitali za wenye ukoma zilipoongezwa, wagonjwa wengi walikuwa wametoka nyumbani. Ikiwa ugonjwa ni wa damu, kumwondoa baba leo hakutawazuia watoto waliokwisha kuzaliwa wasiugue, maana damu wanayo tayari. Lakini ikiwa ni wa kuambukiza, basi mahali walipoondolewa wengi, wagonjwa wapya watapungua upesi. Daftari lilionyesha mwaka ambao kila mmoja alianza kuugua, na wilaya yake, na siku alipoingia hospitali. Hansen akalinganisha wilaya na wilaya, akaona ya kuwa palipotengwa wengi ndipo wapya walipopungua zaidi. Hayo aliyaandika katika taarifa yake ya mwaka wa 1874, pamoja na habari za vijiti.

Tena, mwaka wa 1888, alifanya safari ambayo sisi twaiona kuwa ya ajabu kuliko hadubini. Alivuka bahari kwenda Marekani, katika nchi za Minnesota, Wisconsin na Dakota, walikohamia Wanorwei wengi, na kati yao watu wenye ukoma waliojulikana. Aliwatafuta, na zaidi aliwatafuta watoto na wajukuu wao. Damu ya wazee wao walikuwa nayo yote. Walikuwa na nyumba kubwa zaidi, vitanda vyao wenyewe, na maisha mengine. Hakumwona hata mmoja wa uzao ule aliyeshikwa na ukoma. Fikiri, msomaji: jambo hilo lisingaliweza kuulizwa kamwe, kama jina la aliyehama lingalifutwa siku aliyopanda meli.

Lakini tusiwe kama wale wasifuo upande mmoja. Daftari limwezeshalo daktari kumtafuta mgonjwa ili ajifunze, lamwezesha askari naye kumtafuta. Sheria ya mwaka wa 1877 iliondoa ile desturi ya kuwatembeza maskini wenye ukoma shamba kwa shamba. Sheria ya mwaka wa 1885 ilikwenda mbele: mwenye ukoma aweza kukaa kwake akiwa na chumba chake, au angalau kitanda na vyombo vyake mwenyewe, asipoweza, atapelekwa hospitali, hata kwa msaada wa polisi. Tajiri alibaki nyumbani, na maskini akaondolewa. Kila aliyeondolewa hivyo alijulikana kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa. Hatusemi sheria ilikuwa ya ukatili mtupu. Ilikuwa laini kuliko za nchi nyingi, na halmashauri ya mahali ndiyo iliyoamua. Lakini mama aliyeagana na watoto wake mlangoni hakuulizwa ni wilaya gani iliyokuwa ikilinganishwa na ipi.

Hansen mwenyewe alianguka katika jambo hilo. Mwaka wa 1879, akitaka kuthibitisha maambukizo, alimchoma jichoni mwanamke mmoja mgonjwa wa hospitali, kwa kisu chenye uchafu wa ukoma wa mgonjwa mwingine, pasipo kumwomba ruhusa. Shauri likafika mahakamani Bergen mwaka wa 1880. Hansen hakukana, alisema hakumwomba kwa kuwa alidhani hatakubali. Mahakama ikamwondoa katika kazi yake ya uganga wa hospitali ile, ingawa alibaki mganga mkuu wa mambo ya ukoma katika nchi mpaka alipofariki mwaka wa 1912. Mtu aliyejifunza mengi kutoka kwa maelfu ya watu kwa kuwafuata kwa kalamu tu, alimdhulumu mmoja alipoona kalamu ni polepole mno. Wengi waandikapo maisha ya Hansen huipita hukumu hiyo kwa mstari mmoja. Sisi twaona yastahili kukaa karibu na sifa zake.

Mkutano wa mataifa wa mambo ya ukoma uliofanyika Berlin mwaka wa 1897 uliusifu mpango wa Norwei, ukazishauri serikali nyingine kuufuata. Nyingi zilichukua kutenga watu, kwa ukali kuliko Wanorwei wenyewe, wala hazikuchukua ile kazi ndefu ya kuandika na kufuatilia.

Norwei ukoma uliendelea kupungua, na ajabu ni kwamba ulipungua kabla ya dawa iponyayo kupatikana. Hospitali zikafungwa moja moja. Katika St. Jørgen wagonjwa wawili wa mwisho walifariki mwaka wa 1946, na nyumba hiyo sasa ni makumbusho. Daftari lilikuwa limepokea majina zaidi ya 8,000.

Mtu angedhani kazi yake imekwisha. Lakini katika miaka ya 1970 daktari Lorentz Irgens wa Chuo Kikuu cha Bergen aliyafungua madaftari yale. Habari za kila mgonjwa zikageuzwa kuwa tarakimu, zikatiwa katika kompyuta, na vitabu vya wino vikawa kile kiitwacho leo hifadhidata, yaani ghala ya habari iliyopangwa hata mtu aweza kuiuliza swali na kupata jibu kwa dakika chache. Mwaka wa 1980 alitoa kitabu cha matokeo. Akaonyesha jambo ambalo waandishi wa kwanza hawakuliwaza: kadiri ukoma ulivyopungua, umri wa wagonjwa wapya ulizidi kuwa mkubwa. Watoto waliacha kuambukizwa, na wapya walikuwa wazee walioambukizwa zamani, ugonjwa ukiwa umejificha ndani yao miaka mingi. Basi nchi ikiona wagonjwa wake wapya ni wazee, yaweza kutumaini kuwa maambukizo yanakatika; ikiona ni watoto, moto ungali unawaka. Mpaka leo wasimamizi wa ukoma duniani huwahesabu watoto kwa makini kati ya wagonjwa wapya. Hata ubishi wa zamani ulirudi: je, kutenga watu ndiko kulikoupunguza ukoma, au ni nyumba bora na chakula bora? Irgens aliona kutenga kulikuwa na sehemu yake, lakini maisha yalikuwa yakigeuka nayo, na neno hilo halijafungwa kabisa. Mwaka wa 2001 UNESCO iliyaingiza makaratasi ya ukoma ya Bergen katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia.

Sasa turudi kwetu. Mwaka wa 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, magonjwa hayo mawili yakishikwa kwa mkono mmoja. Aliyeshauri sana katika upande wa kifua kikuu alikuwa daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu alipofungwa na Wajerumani katika kambi ya Mauthausen wakati wa vita. Katika kila wilaya liliwekwa daftari, na mratibu wa kulitunza. Kila mgonjwa hupewa namba na mstari wake. Wote walioandikwa katika miezi mitatu huwa kundi moja, nao hufuatwa pamoja. Mwisho wake kila mmoja huandikiwa lililompata: amepona, amemaliza dawa, dawa imeshindwa, amefariki, amehamia kwingine, au ameacha na hajulikani alipo.

Uzuri wa hesabu hiyo ni kwamba hakuna anayeachwa nje. Hospitali ikisema, Tumeponya watu themanini, ni maneno matamu. Lakini kati ya wangapi? Styblo alitaka idadi ya waliopona isimame juu ya idadi ya wote walioanza, na waliotoweka wahesabiwe pamoja nao, ingawa yaleta aibu kwa wilaya. Kwa madaftari hayo ilionekana ya kuwa nchi maskini yaweza kuwaponya wengi wa wagonjwa wake wa kifua kikuu, na katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaufanya mpango wa Tanzania kuwa mmoja wa mifano ya kufuatwa na nchi nyingine.

Siku hizi mistari hiyo huingizwa pia katika kompyuta, kwa programu iitwayo DHIS2. Nayo, kama vile kwa kusudi, hutengenezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, katika Norwei ile ile. Mtafiti atakaye kuzitumia habari za wagonjwa hana budi kupata kibali kwanza, na mara nyingi hupewa namba pasipo majina. Tena kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka wa 2022, ambayo huzihesabu habari za afya kati ya zile zinazotaka ulinzi zaidi.

Hata hivyo, mgonjwa haisomi sheria kabla ya kuketi kwenye benchi. Yeye humtazama mtu aliye na kalamu, na jirani aliyeketi karibu akisikiliza. Akiogopa kwamba jina lake litasikika nje, hutaja jina jingine: la babu, la utotoni, au la ndugu aliye mbali, na safari ya pili huenda zahanati nyingine kabisa. Hapo mtu mmoja amekuwa wawili. Mratibu mwenye maarifa huweza kuwaunganisha kwa kuuliza kijiji, jina la mama na mwaka wa kuzaliwa, kama alivyofanya karani wa Bergen na wale akina Ole. Mara nyingine hawaunganishwi kamwe, na katika hesabu ya miezi mitatu mtu huandikwa kuwa amepotea, ilhali yu hai, ameketi katika zahanati ya jirani akimeza dawa zake.